Mfuasi wa Shirin Bala Pale Buhongwa

Ukiingia Mwanza kwa barabara ya Shinyanga, kuanzia Buhongwa utakutana na mwanamke mmoja kila penye saluni. Ana macho makubwa, nyusi nyembamba, na kichwa amekiinamisha kidogo begani kama anayesikiliza umbea wa jirani. Saluni hii amesukwa twende kilioni, ile amevaa wigi, nyingine ana rasta hadi kiunoni. Kwa kinyozi mmoja nilimkata panki na kumtia masharubu, maana mteja alitaka picha ya mwanamume. Lakini ni yeye yule. Mimi ndiye niliyemchora, na sijui kuchora mwingine.

Naitwa Bilali Muharami. Babu yangu alikuja huku na reli kutoka Uzaramo, akaoa, akasahau kurudi. Baba alizaliwa Mwanza, nami nimezaliwa Mwanza, ila mbele ya Msukuma bado ni Mzaramo, na jambo hilo lina kazi yake katika habari hii.

Mwanamke wa kwenye vibao anaitwa Shirin Bala. Vijana hawamjui. Alikuwa mwigizaji wa filamu za Kihindi enzi zile tukijaza ukumbi wa sinema mjini mpaka wengine wanasimama ukutani. Mimi nilikuwa kijana wa kuchora matangazo ya nje. Nililetewa picha yake ndogo, nikaikuza ikawa kubwa kuliko mlango, na kwa ujira huo niliruhusiwa kuangalia filamu bure nikiwa nimejibanza kwenye chumba cha mashine. Kihindi hatukukijua hata mmoja wetu. Tulilia tu pale alipolia, na hatukukosea. Nilimpenda Shirin Bala kwa namna ambayo mke wangu, Mwanvua, ameizoea kama wengine wanavyozoea mume anayekoroma.

Uzuri wake mtu yeyote angeupenda. Mimi najidai kuwa nilipenda maisha yake. Alianza kucheza ngoma kwenye harusi za watu akiwa mtoto, wadogo zake wapate kula. Alipofika kileleni, jina lake linauza tiketi peke yake, mama yake akafungwa macho na mtoto wa jicho. Akampeleka kwa daktari, akapasuliwa, akaona. Mwingine angeshukuru Mungu na kurudi kwenye kazi yake. Shirin Bala akajiuliza ni akina mama wangapi wameketi gizani kwa sababu tu hawakumzaa mwigizaji. Akaacha filamu, akauza vidani vyake, akafuatana na madaktari vijijini. Yeye hakuwa daktari. Kazi yake ilikuwa kumshika mkono asiyeona, kumwinua kwenye benchi na kumfikisha kwenye hema la upasuaji. Aliifanya kazi hiyo mpaka naye akawa bibi kizee. Hayo yote alinitumia kwenye simu binti yetu Raya, aliyeolewa Dodoma, nami nikawa nayasikiliza asubuhi na jioni, huku nikimsimulia Mwanvua, na majirani, na wateja, na mtu yeyote aliyekosea kusimama karibu na banda langu.

Nimesema nayasikiliza. Kwenye simu kulikuwa na picha pia, lakini picha sikuziona. Nilikuwa napofuka.

Ilianza taratibu. Asubuhi niliona ukungu, nikasema ni wa ziwa. Ukungu ukabaki mchana, nikasema ni vumbi la barabara. Ukabaki hata siku ya mvua, na hapo nikakosa wa kumsingizia, nikaamua kunyamaza. Mabango ya plastiki ya kuchapishwa yalikuwa yameshaninyang'anya nusu ya wateja, kwa picha zao za wanawake wasio na hata kinyweleo kimoja usoni. Nusu iliyobaki ilinibakia kwa sababu mimi ni Bilali mwenye jicho. Siku Buhongwa ikijua kwamba Bilali hana jicho, brashi yangu ingekuwa ya kufagilia majivu, na mimi ningekuwa mzee wa kushikwa mkono hadi chooni. Hilo la pili ndilo lililonitisha zaidi. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, nami niliisikia methali hiyo nikidhani inawahusu wagonjwa.

Nilijificha kwa ustadi, au ndivyo nilivyojisifu. Makopo ya rangi niliyapanga kwa zamu ileile: nyeupe, nyeusi, nyekundu, buluu. Uso wa Shirin Bala mkono uliujua wenyewe, ukienda kama mguu unavyojua ngazi za nyumbani. Nikimaliza kibao, mteja alisimama kimya kitambo, kisha akasema, "Ahsante, mzee Bilali." Kimya kile nilikichukulia kuwa ni mshangao wa mtu aliyekutana na sanaa.

Na adabu ya vijana wa Buhongwa, jamani, ilinifurahisha sana. Mjini kijana anakupita kama nguzo ya umeme. Hapa kila mmoja alikuja karibu akataja na jina. "Shikamoo mzee, mimi Ngosha." "Shikamoo mzee Bilali, mimi Queen wa saluni." Nikawa nawahubiria watu kwamba kizazi hiki kimelelewa.

"Wanakutajia majina kwa sababu huwaoni, kipofu wewe," alisema Machibya.

Nikacheka mpaka nikakohoa.

Huyu Machibya ni Msukuma, alikuwa akiuza mahindi ya kuchoma kule Kigongo, magari yaliposubiri kivuko. Daraja lilipofunguliwa magari yakaacha kusubiri, naye akahamishia jiko lake mbele ya banda langu. Ni mtani wangu. Msukuma na Mzaramo wanataniana tangu enzi za mababu wabeba mizigo ya pwani, na mtani ana ruhusa isiyo na mpaka. Anaweza kukuvua kofia njiani akaenda nayo. Siku ya kuzikwa kwako anaweza kuingia kaburini akakataa kutoka mpaka apewe chochote, na hakuna wa kumkasirikia. Lakini ruhusa hiyo ina upande wake wa pili: neno la mtani halihesabiwi. Machibya alishaniita mwizi wa kuku, alishasema chakula changu cha mchana nakitoa misibani, alishamwambia mteja kwamba nilizaliwa na mkia. Basi aliponiita kipofu, nililiweka neno lake hukohuko kwenye mkia na kuku. Mtaa mzima ulinyamaza kwa kuniheshimu. Mtu mmoja tu alikuwa akiniambia kweli kila siku, na huyo ndiye niliyekuwa nikimcheka.

Kisha habari ya kambi ya macho ikafika. Madaktari walikuwa wanakuja kwenye uwanja wa zahanati kwa siku tatu, kupima bure, na wenye mtoto wa jicho wangepelekwa hospitali mjini kupasuliwa, nako bure. Mtu mwenye akili timamu na jicho lenye ukungu angelala mlangoni kwao. Mimi nilichofikiri ni Shirin Bala. Nikasema, Bilali, saa yako imefika. Umemhubiri mama huyu maisha yako yote. Sasa inuka uwasaidie wahitaji. Kwamba miongoni mwa wahitaji nimo, wazo hilo halikupita hata uani. Nikajitolea kuchora kibao cha tangazo bila malipo.

"Na wewe utapima?" Mwanvua aliniuliza jioni ile, akipepeta mchele.

"Mama Raya, mimi niko upande wa wafadhili."

Akaendelea kupepeta. Mwanvua ana namna ya kunyamaza inayojaza nyumba.

Kibao nilikichora kwa moyo wote. Nilimweka Shirin Bala katikati, mkubwa, na macho yake nikayapa nusu nzima ya ubao, kwa sababu habari ilikuwa ya macho. Uso ulipokwisha, nafasi ya maneno ilikuwa imebaki kidogo pale chini, nikaandika MACHO BURE. Kikasimamishwa barabarani, kwenye njia ya kuingilia zahanati. Siku ya kwanza nilivaa fulana nyeupe waliyotugawia wasaidizi, nikasimama langoni kama baba wa bwana harusi.

Watu walikuja mapema, na walikuja wengi. Nilisikia viatu vya visigino, nikasikia manukato, nikasikia kicheko cha wasichana. Nilishangaa kidogo jinsi wagonjwa wa macho wa siku hizi walivyo wachangamfu. Muuguzi aliyeongoza kambi, dada mmoja aliyeitwa Justa, alikuwa akiwauliza matatizo yao mmoja mmoja, na sauti yake ikawa inapanda.

"Kope?" nilimsikia akisema. "Kope zipi?"

"Za kubandika," akajibu msichana. "Si mmeandika bure?"

Nani angewalaumu? Kwa miaka mingi uso ule, kokote ulipotundikwa, ulikuwa na maana moja tu, saluni. Wasichana wa Buhongwa na wa Mkolani walikuwa wamejipanga foleni wabandikwe kope bila kulipa. Queen naye akafika mbio, amefunga aproni, analalamika kwamba serikali inaleta watu wa kumuulia biashara. Wazee wenye macho mabovu hawakutokea. Mmoja alipita, akauliza harusi ni ya nani, akaenda zake. Daktari alikaa kwenye hema mpaka saa nane, mikono mapajani.

"Nani amechora kibao hiki?" Justa aliuliza.

Machibya, aliyekuwa amehamishia jiko lake langoni kufuata wateja, akajibu kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani: "Amekichola huyu Mzalamo hapa. Mpigeni."

Hakuna aliyenipiga. Justa aliniambia tu, kwa upole ulioniuma, kwamba wamepoteza siku nzima, na siku zenyewe ni tatu. Kibao kikageuzwa uso ukutani. Jioni hiyo msikiti ukatangaza, na kanisani wakatangaza kwenye jumuiya, na Queen mwenyewe, alipoelewa, akawa anawaambia wateja wake wawalete wazazi wao.

Mtu mwingine angekaa nyumbani kwa aibu. Mimi nilisema Shirin Bala naye lazima alikosea mwanzoni, maana mtu akishajiona shujaa, hata makosa yake huyafanyia hesabu ya ushujaa. Siku ya pili nikarudi na fulana yangu. Mabenchi yalikuwa yamejaa wazee, nasikia fimbo zikigonga saruji. Nikajitolea ile kazi yenyewe, kazi yake yeye, ya kuwashika mkono na kuwafikisha hemani. Njia nilikuwa nimeikariri jana yake: kutoka benchi, kunja kona ya jengo, nenda moja kwa moja.

Wa kwanza wangu alikuwa Mama Teodora, bibi wa Kisesa, ametoka kule njia ya Bujora tangu alfajiri akiletwa na mjukuu wake, ambaye alimwacha benchini akaenda kazini. Nikamwamkia, akaitikia, nikamshika mkono, nikamwinua. Mkono wake ulikuwa mkavu na mwepesi. Nakiri nilijisikia mkubwa. Nilitembea polepole nimenyoosha shingo, nikitamani Raya angekuwepo na simu yake apige picha. Njiani nilianza kumsimulia bibi wa watu habari za mwigizaji mmoja wa zamani.

Tukakunja kona, tukaenda moja kwa moja. Nilinyoosha mkono kushika turubai la hema, nikashika ukuta wa bati wenye unyevu.

"Baba," alisema Mama Teodora, "huyu daktari mbona ananuka hivi?"

Nilikuwa nimemfikisha chooni. Asubuhi ile walihamisha hema wakaliweka upande wa kivulini, na kila aliyefika aliliona pale lilipo, ila mimi. Nikasema tumepita mbali kidogo, nikageuka, nikajikwaa kwenye ndoo, nikageuka tena. Sasa sikujua benchi liko upande gani. Nikasimama. Na yeye akasimama, mkono wake ungali ndani ya wangu.

"Unapapasa kwa mguu," akasema taratibu. "Na mimi hutembea hivyo. Mwanangu, na wewe huoni."

"Mama, nakuomba usimwambie mtu."

"Nimwambie nani? Nirudishe kwanza."

Sikuweza kumrudisha. Tulisimama nyuma ya choo cha zahanati, kipofu na mfadhili wake, tukisikia watu wakizungumza upande wa pili wa jengo, na sote wawili tukiona haya kuita. Niliogopa. Sikuwa nimewahi kuogopa namna ile, na wala hapakuwa na cha kuogopesha, uwanja tu wenye jua.

Kisha nikasikia kandambili za Machibya. Nikajiandaa. Nilimtaka aanze: aniambie Mzaramo hawezi kuongoza hata mbuzi, awaite watu waje waone, nami nimrudishie, tucheke, mambo yarudi yalivyokuwa. Alinishika mkono wa kushoto, akamshika na bibi, akasema, "Twendeni."

"Si unitukane," nikamwambia.

"Leo sitanii, Bilali. Kesho hawa watu wanaondoka."

Ndugu msomaji, mwaka mzima mtu huyu ameniita majina yote, sikutikisika. Siku aliyoniita jina langu tu, bila kejeli, nilimfuata kama mtoto. Nilijua hapo kwamba wote wanajua, na kwamba wamejua siku nyingi. Ngosha anajua, Queen anajua. Ile adabu ya kutaja majina niliyokuwa nikiihubiri, niliielewa nikiwa nakokotwa kuzunguka kona ya jengo.

Hata hivyo sikukubali. Mtu wa kiburi haachi kwa mkupuo mmoja. Tulipofika kwa Justa nilisema mimi ni msindikizaji wa mama huyu.

"Na yeye anapima," akasema Mama Teodora. "Asipopima, na mimi nakwenda nyumbani."

"Mama, umetoka mbali," Justa akamwambia. "Na jicho lako limeiva, liko tayari kupasuliwa."

"Litaendelea kuiva," akajibu, akakaa chini kwenye saruji. Nilimsikia akinyoosha miguu, kama mtu aliyefika kwake.

Basi sikuwa na njia. Nikakaa kwenye kiti. Kipimo chenyewe ni karatasi ya ukutani yenye alama ya uma wa meno matatu, na wewe unasema meno yameelekea wapi. Kabla ya kumwinua Mama Teodora nilikuwa nimesimama kitambo kirefu karibu na meza ile, nikiwasikia wenzangu wakijibu, na mkariri njia hashindwi kukariri uma. Justa akaniambia nifunike jicho moja. Nikafunika, nikaanza kwa sauti ya mtu anayesoma gazeti.

"Juu. Kulia. Chini. Kushoto."

"Vizuri sana," akasema. "Mstari unaofuata?"

"Kulia, kulia tena, juu, kushoto."

"Na wa mwisho, ule mdogo kabisa?"

Wa mwisho hakuna mzee aliyeufikia asubuhi ile, kwa hiyo nikatunga. "Chini, juu, kulia. Huo wa pembeni umefifia kidogo, mngeupaka wino."

Fimbo zikaacha kugonga saruji.

"Baba," Justa akasema taratibu, ameinama karibu na sikio langu, "karatasi nimeishusha tangu ulipokaa. Umesoma ukuta."

Nilicheka kwanza mimi, ili wasinitangulie. Benchi zima likafuata, wazee kwa wazee, wengi wao hawajui hata kinachochekwa, na Machibya akicheka kuliko wote huku akipenga kamasi. Nilicheka mpaka nikagundua kwamba machozi yanayonitoka si ya kicheko tena. Nikafunika uso kwa ile fulana ya wasaidizi, nikalia mbele za watu, mzee mzima, na Mama Teodora akanipapasa mpaka akaupata mguu wangu, akaushika.

Daktari aliniangalia kwa kurunzi yake. Akasema macho yote mawili yana mtoto wa jicho, aliyekomaa. Kesho wangepasua la kulia, na la kushoto ningelifuatia hospitali baadaye. Akauliza nafanya kazi gani. Nikasema mchoraji. Hakuongeza swali. Nadhani alikuwa ameshakiona kibao.

Siku ya tatu walitupakia kwenye gari kwenda mjini, tumebandikwa kipande cha plasta kwenye paji la uso juu ya jicho la kupasuliwa, wasije wakakosea. Kwenye wodi ya kusubiria nilifikiri nitawatuliza wenzangu, nikaanza kuwasimulia Shirin Bala. Mzee mmoja wa Magu akauliza kama mama huyo ndiye atakayetupasua. Nikasema hapana, alishafariki. Akasema basi tukae kimya, tusiwataje marehemu kabla ya kupasuliwa. Nikanyamaza. Ilikuwa mara ya kwanza kumkosesha Shirin Bala msikilizaji, na sikuumia kama nilivyotarajia. Nilikuwa naogopa sana kisu.

Kisu chenyewe sikukisikia. Asubuhi iliyofuata Justa alikuja kutufungua bandeji. Alipotoa yangu, mwanga uliingia kwa pupa, kisha ukatulia, na mbele yangu akasimama msichana mnene mwenye mwanya na chunusi moja kidevuni. Kwa siku zote zile, kutokana na sauti yake, nilikuwa nimemvika uso wa Shirin Bala. Niliutazama ule uso wake mwenyewe mpaka akaona haya. Kando ya kitanda cha pili Mama Teodora alikuwa amesimama, anaangalia viganja vyake, mbele na nyuma, mbele na nyuma. "Wabeja," alikuwa akimwambia Justa kwa Kisukuma chake cha kushukuru. "Wabeja, wabeja sana." Kisha akanigeukia mimi.

"Kumbe ni mzee namna hii," akasema. "Nami nikakuita mwanangu."

Machibya alikuja kunichukua. Tuliposhuka Buhongwa nilimwambia tupitie zahanati kwanza. Kibao kilikuwa bado kimeegemea ukuta. Nikakigeuza.

Sitaki kukieleza sana. Macho yale mawili niliyoyapa nusu ya ubao hayakuwa mstari mmoja. Moja lilikuwa limepanda kwenye nywele, jingine limeshukia shavuni. Pua ilikuwa kando ya uso, kama inayokwenda zake. Midomo niliipaka buluu. Shirin Bala, ambaye mataifa yalimlilia, alikuwa ametoka kwenye brashi yangu akiwa na sura ya sato aliyekanyagwa.

"Wasichana walikuja kutafuta uzuri kwa huyu?" nilimuuliza Machibya.

"Walikuwa wanakujua wewe," akasema. "Huyo hawamwangalii siku nyingi."

Tukateremka na barabara. Nilitazama vibao vyangu kimoja baada ya kingine. Vya zamani vilikuwa vizuri, nasema bila haya. Lakini kila kilipokuwa kipya, uso ulizidi kuvunjika, na juu ya mlango wa Queen kilikuwapo cha mwezi uliopita, kibaya kuliko vyote, kimetundikwa pale pa heshima. Pembeni yake, limekunjwa nusu na kusimamishwa kando, lilikuwapo bango la plastiki la kuchapishwa, safi kabisa, lenye jina la saluni yake. Queen alitoka, mikono ina mafuta ya nywele.

"Unalo bango," nikamwambia. "Kwa nini ukaniita nikuchoree?"

Akalitazama bango, akanitazama mimi, akaona kwamba namwona.

"Wateja wangu hawaji kwa kibao, mzee Bilali," akasema. "Nikaona wewe ukikosa kazi utakaa ndani."

Miaka hiyo yote nilimsifu mwanamke mmoja wa ng'ambo kwa kuwatendea watu wema, na wema wenyewe nilikuwa naula kila siku, naita sanaa yangu. Hakuna aliyepiga picha wala kuvaa fulana. Nilimwambia Queen nitamchorea kingine, na safari hii atakaa mbele yangu nimchore yeye. Akasema sawa, ila nisimtie masharubu.

Nyumbani Mwanvua alikuwa uani, anaanua nguo. Machibya akaniacha kwenye uzio. Nilisimama pale nikamtazama mke wangu kabla hajaniona. Nywele za mbele zilikuwa zimekuwa nyeupe zote, na mimi sikuwepo zilipobadilika. Alipogeuka akajua mara moja kwamba naona, kwa sababu alivuta mtandio akafunika nusu ya uso.

"Usijifunike," nikasema.

"Nimezeeka, Baba Raya. Wewe uliniacha kijana."

Nikamwendea. "Ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu uliponisifia gauni langu la kijani. Sina gauni la kijani."

"Na makopo yangu?"

"Mafundi wa bati walipokuja waliyavuruga yote. Niliyapanga upya kwa zamu yako, usijue."

"Mbona hukuniambia, Mama Raya? Je, kama ningechelewa?"

Aliikunja shuka aliyoianua, akaiweka begani. Hakuwa na haraka, na hakuwa na hasira, ingawa haki ya hasira alikuwa nayo.

"Nilijaribu, ukaniambia uko upande wa wafadhili," akasema. "Na kila siku ukinisimulia yule mama alivyokuwa akiwashika mkono wasioona. Nikasema moyoni, mtu anayelipenda jambo hili kiasi hiki, siku moja na yeye ataunyoosha wake. Nikawa nangoja."

Ilikuwa mchana kweupe, na njia ya kwenda mlangoni niliiona yote, hata kuku aliyelala katikati yake. Nikaunyoosha mkono. Akauchukua, tukaingia ndani.